Mizoga ya Barabara ya Jozani: Kunguru Anatuwahi Kuhesabu

Komba akigongwa saa 9 usiku kwenye lami inayokatiza msitu wa Jozani, saa 2 asubuhi hayupo tena. Ngawa hupita mapema kabla hakujapambazuka na kuubeba mzoga kichakani. Ngawa asipotokea, siafu huanza kazi. Siafu wasipokuwepo, kunguru hushuka mara tu kunapokuwa na mwanga wa kutosha kuona. Gari za shamba, za abiria wa Makunduchi na Jambiani, zinapoanza kupishana kwa wingi, kilichobaki ni doa la mafuta lisilozidi kiganja, na mvua moja ya masika inalifuta hilo nalo.

Ndiyo maana naona mjadala wetu wa wanyama wanaogongwa Unguja umesimama kwenye hesabu pungufu. Tunahesabu masazo. Tuta linawekwa, kibao kinachorwa, mti unakatwa au unaachwa, na kila uamuzi unategemea mizoga iliyoonekana na mtu aliyepita baada ya walaji kumaliza chakula chao.

Hesabu tuliyo nayo, tena nzuri, ni ya kima punju. Ni mnyama wa Unguja, asiyepatikana porini pengine popote duniani isipokuwa wachache waliohamishiwa Ngezi, Pemba, katika miaka ya 1970. Sensa iliyotangazwa mwaka 2017 ilikadiria kuwa wapo zaidi ya 5,800. Baada ya barabara ya kusini kutengenezwa vizuri katika miaka ya 1990 na magari kuongeza kasi, watafiti waliripoti kuwa pale Jozani alikuwa akifa kima punju mmoja kila wiki mbili au tatu. Yalipowekwa matuta manne, ikawa mmoja kila wiki sita. Kwa mwaka, hiyo ni kutoka wastani wa vifo 17 hadi 26 kushuka hadi vinane au tisa. Matuta yamefanya kazi, na anayesema matuta ni kero tupu azitazame kwanza namba hizi.

Lakini angalia kwa nini hesabu ya kima punju ilipatikana. Ni mnyama wa mchana, mwenye mgongo mwekundu na mabega meusi, anayegongwa karibu na lango la hifadhi mbele ya watembeza wageni na wanakijiji wanaomjua. Mzoga wake una kilo kadhaa, na kunguru hawezi kuumaliza kwa asubuhi moja. Komba mdogo ana uzito usiofika robo kilo. Vyura, konokono wakubwa wa masika, panya, nyoka na ndege wa vichakani ni wadogo zaidi au hubanwa na tairi mpaka wakafanana na jani. Wengi wao hufa usiku au alfajiri. Ukichukua orodha ya wanyama wakubwa wa mchana ukaiita orodha ya vifo vya barabarani, utaweka ulinzi pale anapovuka kima, na pale anapovuka komba hutaweka kitu.

Visiwa vyetu vina walaji mizoga wa aina yao. Unguja hatuna fisi, hatuna mbweha, wala hatuna makundi ya tumbusi wanaozunguka angani na kumuonesha mtu mzoga ulipo. Chui wa Unguja, ambaye naye hakudharau mzoga, ameadimika kiasi kwamba kazi yake porini haihesabiki tena. Shughuli imebaki kwa wanyama wadogo wanaofanya kazi kimya: ngawa usiku, nguchiro na kenge jua likipanda, mbwa na paka wa vijijini saa zote, mwewe juu ya barabara, na siafu wakati wa mvua. Juu yao wote yuko kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Kazi aliyoletewa anaifanya mpaka leo, ila mji umemfuata hadi shamba.

Kila mmoja huacha alama yake. Kunguru huanza na jicho, kisha ulimi, kisha huingilia nyuma pale ngozi ilipo laini, kwa sababu mdomo wake hauwezi kupasua ngozi ya tumbo ya mnyama mkubwa. Ngawa hupasua tumbo na kuburuta, kwa hiyo utaona mstari wa manyoya na damu ukielekea ukingoni. Mbwa hutafuna mwisho wa mifupa na kung'oa miguu. Kenge humeza mzima kile kinachopita kooni, haachi kitu cha kuhesabu. Siafu huacha mifupa na manyoya vikiwa mahali pake, vimekauka na safi. Mzoga wenye macho mawili mazima saa 1 asubuhi, mahali penye kunguru, umelala hapo muda mfupi sana au ulikuwa umefichwa na majani.

Muda wa kifo nao husomeka. Mwili hukakamaa saa mbili hadi nne baada ya kufa, na kwa joto letu ukakamavu huo huanza kulegea kabla siku haijatimia. Nzi wa kijani hufika ndani ya dakika chache kukiwa na mwanga, wakataga mayai meupe kama chenga za mchele mdomoni, puani na kwenye jeraha. Usiku kwa kawaida hawatagi. Kwa hiyo mzoga unaokutwa alfajiri bila yai hata moja ni wa usiku huo, na wenye funza tayari ni wa jana au kabla yake. Tofauti hii ni muhimu kwa anayehesabu kila siku, maana mzoga wa jana ukiandikwa tena leo huharibu daftari zima.

Kumtambua mnyama aliyekanyagwa na magari 50 ni ujuzi mwingine. Kwa jamii ya kima, tafuta mkono. Mkono ndio hudumu, kwa kuwa una mifupa mingi midogo na nyama kidogo. Mkono wa kima punju una vidole vinne virefu, na pale pa kidole gumba pana kigutu kidogo tu. Kima wa kawaida, yule anayeiba ndizi na mihogo, ana gumba kamili. Kwa paa, angalia matakoni: paa nunga ana mkanda mweupe unaopita nyuma ya mapaja, madoa meupe miguuni na kishungi cha nywele nyekundu kichwani. Paa mdogo mwenye masikio mapana yanayopitisha mwanga na asiye na kishungi ni mwingine. Usiwaandike wote "paa" na kumaliza. Paa nunga yuko kwenye hatari ya kutoweka, na duniani anajulikana Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Paa nunga mmoja aliyeandikwa kwa jina lake ana faida kuliko mistari kumi iliyoandikwa "paa".

Hapo kuna jambo linalotutenganisha na nchi za baridi. Marekani, ambako inakadiriwa magari hugonga kulungu zaidi ya milioni moja kwa mwaka, theluji ikiyeyuka wakati wa machipuo mizoga ya miezi mingi hujitokeza kando ya barabara kuu kwa mpigo, na tai, kunguru na mbweha hukusanyika. Wao wana kitu ambacho sisi hatuna. Katika jimbo la Oregon, tangu Januari 2019, mtu anaruhusiwa kuchukua kulungu aliyegongwa kwa bahati mbaya akamle, kwa masharti: ajaze kibali cha bure mtandaoni ndani ya saa 24, aandike ni wapi na lini, kisha apeleke kichwa na pembe ofisi ya wanyamapori ndani ya siku tano za kazi, ambako hupimwa ugonjwa wa ubongo wa kulungu. Hivyo nyama yenyewe huacha karatasi. Kila anayekula ameandika.

Kwetu nyamafu hailiwi, na hilo halina mjadala. Matokeo yake ni kwamba mzoga hauna mwenyewe. Hakuna anayeuchukua, hakuna anayeujazia fomu, unaachiwa kunguru. Kuna na upande wa pili usiosemwa kwa sauti: paa aliyegongwa akavunjika miguu huku angali hai huweza kuwahiwa kwa kisu na kugawanwa. Huyo naye haingii kwenye hesabu yoyote, tena ni mnyama anayelindwa chini ya sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996, kwa hiyo aliyemchinja ana kila sababu ya kunyamaza. Paa anapotea kwa njia mbili, ya kunguru na ya chungu cha jikoni, na zote mbili zinaishia kwenye daftari tupu. Sheha akiwaambia watu wa shehia yake kuwa anachotaka ni taarifa ya mahali na siku, na kwamba hamtafuti mtu wa kumshitaki, atapata habari nyingi zaidi kuliko kibao chochote cha onyo.

Mzoga unaoachwa juu ya lami una kosa jingine, nalo ni baya kuliko kukosa kuhesabiwa. Ni chambo. Ngawa anayekula katikati ya barabara kichwa chake kiko chini, pua imejaa harufu na masikio yamejaa sauti ya kutafuna mwenyewe. Akipigwa na taa za gari husita. Kenge hupenda joto la lami hata kabla ya kupata chakula juu yake, na akishashiba huwa mzito kukimbia. Mwewe huinuka polepole akiwa na kitu kwenye makucha, na huinuka kuelekea upepo unakotoka, hata kama huko ndiko gari linakotokea. Kunguru ndiye hufa kidogo kuliko wote: hupiga hatua tatu pembeni, gari hupita, hurudi. Ndiyo kusema mzoga wa barabarani huwaua wenyeji na kumnenepesha mgeni. Kisha kunguru huyohuyo aliyeshiba huingia pembezoni mwa msitu na kupora mayai na makinda ya ndege wadogo. Anayeona kunguru wanasafisha barabara na kufurahi aifikirie hesabu hiyo yote.

Dawa yake ni nyepesi: uondoe mzoga kwenye lami. Simamisha chombo mahali kinapoonekana, kwenye nyoofu si kwenye kona, washa taa za tahadhari, na mtu mmoja asimame nyuma akiangalia magari. Usishike kwa mikono mitupu. Kupe na viroboto huhama mwili ukishapoa, na hutafuta mwili wenye joto, ambao ni wako. Mfuko mzito wa plastiki uliogeuzwa kama glavu, jembe au kijiti chenye panda hutosha. Piga picha kwanza, ukiweka kandambili pembeni ili ukubwa uonekane, na picha moja ya mkono au kwato kwa karibu. Kisha uburute angalau mita 10 kutoka ukingo wa lami, upande ule uliko msitu, ili mlaji asilazimike kuvuka barabara kuufuata. Watu wengi hukosea hapo: husukuma mzoga kwa mguu hadi kwenye kipito cha waenda kwa miguu, nusu mita kutoka lami, na ngawa huja kula palepale magari yanapopita.

Karibu na nyumba mambo hubadilika, kwa sababu mbwa watauleta mzoga uani. Hapo ni kufukia. Ardhi yetu ya maweni haichimbiki, jembe linagonga jiwe sentimita 20 chini, basi tafuta shimo la asili la jiwe na ulifunike kwa mawe mazito yasiyopinduliwa na mbwa. Kima punju na paa nunga usiwafukie kabla maofisa wa misitu hawajaarifiwa. Hao wanahitaji kuandikwa umri, jinsia na hali ya mwili.

Ukimkuta kima jike amekufa, mpindue kwa kijiti uangalie kifua. Kima punju huzaa mtoto mmoja, na wengi huzaliwa kati ya Septemba na Disemba. Mtoto hung'ang'ania manyoya ya tumbo la mama hata baada ya mama kufa. Akiwa hai, usimng'oe kwa haraka na usimpe maziwa wala maji mdomoni, kwani hupaliwa. Funika wote wawili kwa kanga, zuia watu wasizunguke, wapigie simu maofisa wa misitu. Mnyama aliyejeruhiwa huuma hata akiwa mpole jana yake. Akikuuma au akikukwaruza, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo na ueleze ni mnyama gani.

Sasa kasi. Dereva hulalamika kuwa mnyama "alijirusha". Mara nyingi hesabu ya mita inamkana. Mtu makini huchukua kama sekunde moja na nusu kuona, kuamua na kukanyaga breki. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, gari huwa limeshakwenda mita 33 kabla breki haijashika, na lami ikiwa kavu linahitaji mita 36 hivi zaidi kusimama. Jumla ni karibu mita 70. Lami ikiwa na maji, ni karibu mita 95. Kwa 50 ni mita 35 kavu na 45 maji. Kwa 40 kwenye maji ni kama mita 32. Taa za chini za gari humulika vizuri kama mita 40. Kwa hiyo usiku wa masika, anayekwenda 50 au zaidi na taa za chini anaendesha ndani ya giza, hata kama anaiona barabara. Tairi kipara huongeza mita juu ya hizo, na gari ya shamba iliyojaza watu ndani na magunia juu ya paa huongeza nyingine.

Macho ya wanyama husaidia kidogo. Komba, ngawa na paa wana kioo cha asili nyuma ya jicho kinachorudisha mwanga, kwa hiyo nukta mbili zinazong'aa ukingoni huonekana kabla ya mwili. Ukiziona, punguza mwendo na uteremshe taa kubwa, maana mwanga mkali ndio unaomgandisha paa. Kima hawana kioo hicho. Hao usitegemee kung'aa, na alfajiri yenye ukungu kima mwekundu juu ya udongo mwekundu haonekani mpaka atembee.

Kima punju huishi kwa makundi, mengine ya 30 na zaidi, nao huvuka kwa foleni isiyo na mpango. Mkubwa hupita, watatu humfuata, panatulia, kisha wadogo waliokuwa bado wanakula juu ya mti wa mkungu hugundua kuwa wameachwa. Hapo ndipo ajali ilipo. Dereva hufunga breki kwa wa kwanza, huona njia nyeupe, hukanyaga mafuta, na anayemgonga ni kijana wa kundi anayekimbilia wenziwe. Uchambuzi wa vifo vya Jozani umeonesha kuwa vijana ambao hawajakomaa hufa kwa sehemu kubwa kuliko idadi yao. Ukiona mmoja amevuka, hesabu kundi bado liko upande wa pili. Tazama juu kwenye matawi kabla ya kuondoka.

Kinachowaleta barabarani nacho kinafaa kueleweka sawasawa. Kima punju ni mla majani, tumbo lake lenye vyumba huchachua majani kama la ng'ombe, na matunda mabivu matamu hayamfai. Ganda la ndizi linalorushwa dirishani halimwiti yeye. Humwita kima wa kawaida, panya, na nyuma ya panya ngawa na bundi. Kima punju huitwa na miti: majani machanga ya mkungu na mwembe kwenye mashamba yaliyopakana na hifadhi, ambayo yana protini nyingi pamoja na sumu ya asili ambayo mnyama huyu huituliza kwa kula makaa. Kweli hula mkaa, kutoka kwenye matanuri na vigogo vilivyoungua. Wakulima wa mashamba hayo wana umoja wao, UWEMAJO, na wanajua kuliko mtu yeyote ni mkungu gani hutembelewa na mwezi gani. Na chini ya kima wanaokula juu ya barabara huja paa kuokota majani na matunda yanayoanguka. Mti mmoja ukingoni huweza kuwa sababu ya vifo vya aina tatu za wanyama.

Je, mti ukatwe? Nasema hapana, isipokuwa mti unaosimama peke yake upande mmoja bila mwenzake wa ng'ambo. Huo humvuta mnyama ashuke chini. Matawi yanayogusana juu ya lami ni daraja lisilogharimu kitu, na mkataji wa matawi ya nyaya za umeme huweza kulivunja kwa asubuhi moja. Matawi yakishapotea, kuna madaraja ya kamba. Diani, pwani ya Kenya, wahifadhi wamekuwa wakifunga ngazi za kamba juu ya barabara ya pwani tangu miaka ya 1990 kwa ajili ya mbega na jamaa zake, na wanyama wanazitumia. Lakini ngazi ikifungwa mahali ambapo si njia yao ya zamani, hukaa tupu. Ikilegea katikati hadi usawa wa paa la lori, hung'olewa. Ikifungwa karibu na waya wa umeme usio na ganda, huwa mtego. Lazima ijulikane kwanza wapi wanavuka, na hilo linaturudisha kwenye hesabu.

Matuta yenyewe hayatoshi yakiwa mbali mbali. Gari dogo likitoka kwenye tuta kwa 20 hurejea 60 ndani ya mita 80 hadi 100. Tuta moja kila nusu kilomita hulinda mita chache kabla yake na chache baada yake, katikati ni mashindano. Na madereva wa njia hiyo hujua kila tuta lilipo, kwa hiyo hufidia muda waliopoteza pale pasipo na tuta. Nafasi ya mita 100 hadi 150 ndiyo huituliza kasi mfululizo, na rangi ya tuta ionekane usiku, la sivyo anayeumia ni mwenye vespa.

Basi ihesabiwe vipi? Chagua kipande cha kilomita mbili. Watu wawili, kwa miguu au baiskeli, waanze mwanga unapopambazuka, kabla ya saa 12 na nusu, mmoja kila upande. Anayehesabu kutoka kwenye gari la kasi ya 60 huona kima na mbwa, hamuoni komba. Andika tarehe, mvua ya usiku, namba ya nguzo ya umeme iliyo karibu, mnyama, upande, umbali hadi tuta, kama matawi yanagusana juu. Kila mzoga uondolewe wahesabuji wote wawili wakishapita. Mara moja kwa wiki, wawili hao waende kwa kupishana bila kuambiana. Tuseme wa kwanza ameona 12, wa pili 10, na waliyoiona wote wawili ni 8. Zidisha 12 kwa 10, gawa kwa 8: ilikuwapo 15 hivi, na kila mmoja peke yake alikosa kadhaa.

Halafu wapimwe walaji. Tega panya 20 kwa mtego wa chuma au wa gundi, kamwe si kwa sumu, maana sumu hiyo itamuua ngawa na bundi. Kuku waliokufa kwa mdondo usiwatumie, utaeneza ugonjwa vijijini. Panya hao wapange ukingoni, nje ya lami, kila mita 100, nusu yao saa 2 usiku na nusu saa 9 usiku, uwafunge uzi wa rangi ili wasichanganywe na waliogongwa kweli. Alfajiri hesabu waliobaki. Wakibaki watano kati ya 20, basi kila mzoga mdogo unaoandikwa kwenye daftari husimama badala ya wanne. Rudia wakati wa kiangazi, kwa kuwa siafu hupungua, na kizidisho hakitakuwa kilekile.

Pemba kuna nafasi ya kuanza kabla ya hasara. Njia ya kutoka Konde kwenda Makangale hukatiza msitu wa Ngezi, wanamoishi tumbili, popo wakubwa wa Pemba na bundi wa Pemba, na bundi huweza kuruka chini chini juu ya barabara akifuata wadudu waliovutwa na mwanga wa taa. Hesabu ya miezi mitatu ya masika, ikianza Machi, ingeipa njia hiyo daftari lake kabla magari hayajaongezeka. Kinachohitajika ni watu wawili wa shehia, baiskeli mbili, kandambili ya kupimia na simu yenye kamera, na kufika pale kabla kunguru hajafika.